Volani inacheza kwa Land Cruiser ya zamani: lala kwanza chini ya gari, visi ya bwatie itangoja

Gari yangu ni Land Cruiser HZJ75, ile ya resori (springi za bati ndefu zilizopangana) mbele na nyuma, moteri 1HZ, imekula makoro (mawe ya lava) ya Goma miaka mingi kabla haijafika kwangu. Siku moja volani, ni kusema usukani, ikaanza kucheza. Kidogo kushoto hakuna kitu, kidogo kuume hakuna kitu, ni sawa unakoroga uji, na gari inajiendea penye inataka. Nikaipeleka garaji moja hapa mjini, sitaitaja, fundi hata hakuinama, akafungua kapo, akalegeza ekru (nati) ya juu ya bwatie ya direksio (giaboksi ya usukani), akakaza visi (skrubu) nusu mzunguko na turnevisi, akaniambia papa sasa iko poa. Na kweli pale kwenye kiwanja ilikuwa poa. Ile jioni nikatoka kwenda Sake, viraji ya kwanza nikapinda na volani ikabaki imepinda, hairudi, nikairudisha na mikono miwili sawa mtu anavuta mbuzi sokoni, na kuko taksi-moto wawili mbele yangu. Tangu ile siku mtu akiniuliza juu ya direksio ninamuuliza kwanza: nani ameshaingia chini ya gari?

Ngoja niseme kwa nini ile visi ni mtego. Ndani ya bwatie ya haya magari kuko visi ndefu yenye gololi zinazunguka, inasukuma ekru kubwa, na ile ekru iko na meno yanashikana na meno ya shafti inayotoka chini. Visi ya juu kazi yake ni kusogeza hayo meno yakaribiane. Sasa gari inatembea mbele tu karibu siku nzima, kwa hiyo meno yanalika katikati, pembeni yanabaki mazima. Ukikaza mpaka katikati pasicheze tena, ukipinda tu unafika kwenye meno mazima na yanabanana, njo volani inakataa kurudi. Ukizidisha unakula bwatie yote. Kwa hiyo visi inakuja mwisho kabisa, na ikija ni robo mzunguko au chini yake, volani ikiwa imenyooka, kisha unajaribu kona zote mbili polepole mahali hakuna watu.

Kwanza pima, ju watu wengi wanasema inacheza na hawajui inacheza kiasi gani. Washa moteri kama iko na pompi ya direksio, nyoosha magurudumu, bandika skochi kwenye volani, shika rula, zungusha na kidole mpaka uone gurudumu la mbele linaanza tu kusogea. Mimi sentimita 2 kwenye ukingo wa volani kwa gari ya umri huu siisumbukii, ikifika 3 ninatafuta, ikipita 4 siendi nayo Rutshuru.

Kisha kazi yenyewe, na hii haitaki hata funguo. Zima moteri, gari ibaki chini kwenye magurudumu yake yote, usiweke kriki. Tafuta mtu akae kwenye volani, dogo yeyote, umwambie atikise kushoto kuume mfululizo, si kuzungusha kwa nguvu, ni ile kutikisa tu ya kusikia inacheza. Wewe ingia chini na taa. Unafuata mwendo: unaanza kwenye volani, unashuka piyesi kwa piyesi mpaka kwenye gurudumu, na kila mahali piyesi mbili zinakutana unaweka vidole juu yake zote mbili kwa pamoja. Penye ya kwanza inasogea na ya pili inachelewa, hapo njo mwizi yuko. Macho yanadanganya, vidole havidanganyi. Na usisimame kwa mwizi wa kwanza, ju gari ya miaka 30 kawaida iko na wanne watano, kila mmoja anaiba kidogo, na ukijumlisha kwenye volani unapata zile sentimita 4 zako.

Ukishuka kutoka kabini utakutana kwanza na kruaze (viungo vya kupinda) za shafti ya volani, na bulo (bolti) inayokaza shafti kwenye meno ya bwatie. Ile bulo ikilegea kidogo tu volani inacheza sana, na ni dakika mbili kukaza. Angalia hapo kabla hujaenda madukani Birere kununua kitu.

Halafu bwatie yenyewe. Shika bwatie na mkono mmoja na shasi na mkono wa pili, dogo atikise. Bwatie haitakiwi kusogea hata unywele. Ikisogea, ni bulo zake zimelegea au, mbaya zaidi, shasi imepasuka pale bwatie inashikilia. Hiyo ufa unapenda kujificha chini ya matope na grisi, safisha na burosi na petroli, angalia tena wakati volani inatikiswa, utaona mstari unafunguka na kufunga sawa mdomo. Ukiuona, gari haiendi tena, inaenda kwa mtu wa suduri (kuchomelea vyuma), na siyo kupaka suduri juu tu: anafungua bwatie, anachoma ufa mpaka ndani, anaongeza kipande cha bati nzito nyuma yake. Huku kwetu gari zinapiga makoro kila siku na ile nguvu yote inarudi kwenye hiyo kona moja ya shasi, kwa hiyo usione ajabu.

Chini ya bwatie kuko mkono unaoning'inia, mafundi wanaita biele. Ekru yake kubwa ikilegea meno ya ndani yanalika, na ukishakaza juu ya meno yaliyolika itarudi kulegea, unabadilisha tu. Kwenye zile Land Cruiser za seria 40 kuko tena mkono wa katikati, umefungwa kwenye shasi, uko na bushi zake ndani, na mara nyingi shida yote iko hapo na watu wanabadilisha marotili bure.

Marotili sasa, vile viungo vya duara kwenye ncha za bara, na bara ni vile vyuma virefu vinavyosukuma magurudumu. HZJ75 iko nayo manne, mawili kwenye bara inayotoka bwatie, mawili kwenye bara inayounganisha gurudumu na gurudumu. Ukishika rotili wakati wa kutikisa na unasikia "tak" ndani ya mkono, imeisha. Mpira wake ukiwa umepasuka lakini haichezi bado, safisha, jaza grisi kama iko na kigrisio, ujue tu umenunua miezi, si miaka, ju vumbi letu ni vumbi la volkano, linakata sawa msasa. Kwa kutoa rotili usipige nyundo kwenye mguu wa visi, unaharibu meno. Legeza ekru ibaki mwisho, kisha piga pembeni ya tundu la mkono wa chuma penye rotili imeingia, na nyundo mbili, moja ikishikilia upande wa pili, pigo mbili tatu za nguvu inaanguka yenyewe. Ukirudisha, gupiye (pini ya kufungia ekru) mpya. Siyo msumari. Nimeshaona msumari, nimeshaona hata waya wa fensi.

Na amortisa (shokabsoba) ya direksio, ile moja imelala mbele pale. Watu wanaipenda sana ju ni rahisi kubadilisha. Amortisa haitoi kucheza. Kazi yake ni kupunguza mitetemo na mapigo ya mawe. Ukiweka mpya juu ya marotili mabovu utasikia gari imekuwa nzuri wiki mbili, kisha ugonjwa unarudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo ju muda wote ule ulikuwa unakua chini ya dawa ya maumivu.

Kama kutikisa kote chini hakujaonyesha kitu cha maana, hapo sasa kriki. Na hapa nisikilize vizuri: kriki juu ya makoro ni kifo, jiwe la lava lina mashimo ndani, linavunjika bila kukupigia hodi. Weka ubao mpana chini ya kriki, na shandeli (stendi ya chuma) chini ya ponti (ekseli), na gurudumu la akiba ulilaze chini ya shasi, ndipo uweke kichwa chako hapo.

Gurudumu likiwa juu, shika upande wa kushoto na wa kuume, sukuma vuta. Ikicheza hivyo tu, mara nyingi ni rotili tena. Sasa shika juu na chini, sukuma vuta. Ikicheza, kuko watuhumiwa wawili: rulema (beringi) za gurudumu ao rulema za pivo, ni kusema penye gurudumu linageukia kushoto kuume, zile mbili ndogo juu na chini ya ile bakuli kubwa ya chuma mwisho wa ponti. Namna ya kuwatenganisha ni rahisi na sijui kwa nini mafundi wengi hawaifanyi: mwambie dogo akanyage freni mpaka mwisho, wewe sukuma tena. Kucheza kukiisha, ni rulema za gurudumu, ju freni imeshikanisha gurudumu na fize, kile chuma gurudumu linazungukia. Kukibaki vile vile, ni pivo.

Rulema za gurudumu mara nyingi hazijafa, zimelegea tu. Kwenye Land Cruiser kuko ekru mbili kubwa za namba 54 na kati yao bati la kufungia, lile lenye masikio. Unakunjua sikio, unatoa ya nje na bati, unakaza ya ndani huku unazungusha gurudumu, unalegeza, unakaza tena polepole mpaka kucheza kuishe na gurudumu bado linazunguka bila shida, kisha bati, kisha ya nje, kisha unakunja sikio. Kuko tubo (funguo ya bomba) ya 54 kwa ajili ya hii kazi, na hapa mjini wengi wanatumia burini (patasi ya chuma) na nyundo. Burini inakata kona za ekru, na chembe za chuma zinaanguka ndani ya grisi, na grisi inazipeleka kwenye rulema, kwa hiyo umelipa pesa uharibiwe kitu kilikuwa kizima. Kama unapenda gari yako nunua tubo yako mwenyewe ubebe ndani ya gari. Mimi yangu iko chini ya kiti, fundi akitoa burini ninatoa tubo, tunaelewana.

Pivo ni kazi ya siku nzima na hapo ndipo penye utamu, ju ugonjwa wake unavaa nguo za wengine. Angalia kwanza nyuma ya bakuli: kama kuko supu nyeusi inatiririka mpaka ndani ya gurudumu, spi (sili ya mafuta) ya ndani imekufa, mafuta ya ponti yameingia kwenye grisi ya bakuli, grisi imekuwa maji imetoka, na rulema za pivo zimebaki kavu. Watu wanaosha tu ile supu wanaendelea. Halafu kwa sababu gari inakwenda mbele tu, vile viroli vya rulema vinakaa fasi moja vikipigwa na mawe, vinachimba vishimo kwenye kikombe chake, kwa mstari, sawa alama za meno. Ukishatoa bara, ukashika mkono wa fize (ule bara inafungwa kwake), ukizungusha bakuli, utasikia katikati inaingia kwenye kashimo na kushika. Njo maana gari inakataa kukaa mbele vizuri, unasahihisha kidogo na inaruka kishimo, unarudisha na inaruka tena, shofa anasema volani inacheza na kumbe haichezi, inanata. Ukibadilisha hizo rulema, zile kale, ni kusema vipande vyembamba vya bati vya kujazia nafasi, zinazokaa chini ya kofia ya juu na ya chini, usizichanganye! Funga za juu na waya, za chini na waya, andika. Hizo njo zinaweka bakuli katikati ya ponti na kuamua pivo ibanwe kiasi gani. Fundi akizimwaga zote kwenye sahani moja ya petroli, spi mpya itavuja ndani ya muda mfupi na utamlaumu muuza spi bure.

Wakati uko hapo, kaza ekru 4 zinazoshika mkono wa fize chini ya bakuli. Zinapenda kulegea, hasa kwenye seria 80, na zikilegea visi zake zinakatika moja moja, na siku ya nne hauna direksio upande ule. Kama umesikia "kluk" kwa kupinda na marotili yote mazima, anza hapo.

Kuko na gari ambazo kutikisa chini hakuonyeshi kitu, pivo nzima, rotili nzima, na bado inatembea sawa mlevi. Hapo toka kwenye direksio kabisa. Angalia upepo wa mipira, kushoto na kuume sawasawa, na mipira yenyewe ifanane, ju hapa tunachanganya mpya na okazo (zilizotumika) kisha tunashangaa. Angalia bridi za resori (vyuma vya U vinavyofunga resori kwenye ponti) kama zimekazwa, na bulo ya katikati inayoshika malami (zile bati za resori) pamoja: ikikatika, ponti inasogea nyuma upande mmoja, volani inakaa imepinda wakati gari inaenda mbele. Unaijua kwa kupima na metre kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kushoto kisha kuume, namba zikipishana sana umepata jibu. Na bushi za resori za nyuma, usizisahau: zikiisha, ponti ya nyuma njo inaendesha gari, ukikanyaga mafuta inaenda huku, ukiachia inaenda kule, na wewe unalaumu volani iliyo mbele.

Kwa seria 80 ao Nissan Patrol Y60, ambazo ziko na springi za mviringo mbele, kuko bara moja inapita mshazari kutoka shasi mpaka ponti, bara ya Panhard. Silenbloki (bushi za mpira) zake zikiisha, dogo akitikisa volani utaona ponti yote inasogea pembeni kwanza kabla magurudumu hayajageuka. Kumi kwa kumi ni hiyo. Na kama gari imeinuliwa na springi ndefu, volani ikawa nyepesi, hairudi yenyewe, gari inaelea, hapo hakuna kitu kimekufa, ponti imezunguka na pembe ya pivo imepotea, dawa ni bushi za kurudisha pembe, siyo fundi wa bwatie.

Ile kutetemeka kukubwa, unapiga shimo ukiwa na 60 ao 70 na volani yote inachukua homa mpaka unasimamisha gari, watu wanaiogopa sawa uchawi. Ni vitu vile vile nimesema: pivo zimelegea, rotili, Panhard kama iko nayo, na gurudumu lisilo na ekilibraji (uzito wake haujasawazishwa) linawasha moto. Likikukuta usipigane na volani, shika tu imara, achia mafuta, freni polepole.

Volani nzito ni ugonjwa mwingine, nitapita haraka: mafuta ya direksio yamepungua, mkanda umelegea, ao pompi inalia. Weka mafuta mekundu ya ATF, usiweke ya moteri.

Ukishabadilisha rotili ao pivo lazima upime paralelismu (namna magurudumu mawili ya mbele yanaangalia pamoja), na hauhitaji mashine. Magurudumu yanyooke, weka alama ya chokaa katikati ya kila mpira upande wa nyuma, urefu wa katikati ya gurudumu, pima na metre kutoka alama mpaka alama. Sukuma gari mbele mpaka zile alama zifike mbele, urefu ule ule, pima tena. Mbele iwe fupi kuliko nyuma kwa milimita 1 mpaka 3. Kama siyo, legeza vifungo vya bara na uzungushe bara yenyewe, ju upande mmoja visi yake ni ya kushoto na mwingine ya kuume, inarefuka ao inafupika yote pamoja. Kaza vifungo, tembea kidogo, pima tena.

Gari yangu basi ilikuwa na nini? Bulo mbili za bwatie zimelegea, moja unaweza kuizungusha na vidole. Rotili moja upande wa shofa. Na pivo za kuume zilikuwa kavu kabisa, kikombe cha chini kina alama sita saba za kushika, nimekiweka kwenye dirisha la garaji nyumbani Katindo kuonyesha watu. Spi, rulema, rotili, siku moja na nusu pamoja na dogo mmoja aliyetikisa volani mpaka mikono ikamuuma, nikamnunulia sambaza na bugali. Visi ya bwatie niliirudisha ule nusu mzunguko wa yule fundi kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na ilipofika mwisho nilipima kwenye skochi: sentimita 2 na nusu. Nikajaribu kuongeza robo ya robo, ikafika 2, kona zote zinarudi zenyewe. Nikakaza ekru, nikachora mstari mweupe juu ya visi na bwatie kwa pamoja na rangi ya kucha ya mke wangu, ili mtu akiigusa tena nijue.